Patterson wa Ohio na mafundi wetu wa chukudu

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama hapa Kibati, kabla ya kura juu ya ombi la vijana wa atelye. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.

 

Komite iliniomba niseme kidogo kabla ya kura. Munajua kura ni ya nini. Tangu tuliporudi, sehemu ya pesa ya mfuko wetu inanunua mti kwa mafundi wa chukudu, na fundi anarudisha polepole akisha kuuza. Safari hii vijana wa atelye wameandika barua. Wanaomba sehemu ya pesa ile isinunue mti. Inunue mashine ya kuchomelea vyuma na grupu ndogo ya umeme, ili waanze kutengeneza zile pikipiki za matairi matatu zinazobeba mizigo. Bazee wa chukudu wamekataa. Wamesema, na mimi niliwasikia kwa masikio yangu, kwamba mtoto anayecheka mgongo uliomubeba hana adabu.

Mimi sikuja kusema nani ni mubaya hapa. Nimekuja na habari ya kweli ya fundi mmoja wa Marekani pamoja na mtoto wake, kwa sababu swali hilihili liliingia katika atelye yao miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na jibu lao halikuwa rahisi.

Fundi yule aliitwa Charles Richard Patterson. Alizaliwa mwaka 1833 katika jimbo la Virginia, na alizaliwa mtumwa. Yaani hata mikono yake haikuwa mali yake. Alifika Greenfield, mji mdogo wa jimbo la Ohio, ng'ambo ya mto wenye jina hilohilo, upande ambako utumwa ulikatazwa. Sisi hapa hatuhitaji mtu wa kutuelezea maana ya kuanza maisha mahali pa wengine. Kule Greenfield alifanya kazi ya kufua chuma katika atelye ya magari ya farasi. Hakuanza na mtaji, alianza na nyundo.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1873, Patterson aliungana na mzungu mmoja, J. P. Lowe, wakafungua biashara yao ya magari ya farasi. Fikirini kidogo: mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa na mtu mweupe, majina mawili kwa kazi moja, wakati ule! Walikaa pamoja miaka makumi mawili. Mwaka 1893 Patterson alinunua sehemu ya mwenzake, na biashara ikabeba jina lake na la watoto wake. Gari lao lililopendwa sana lilikuwa la madaktari, dogo, jepesi, lenye paa, la kumpeleka mganga usiku katika matope mpaka kwa mgonjwa.

Hapa nataka nisimame kidogo juu ya gurudumu, kwa sababu bazee wa chukudu watanielewa kuliko wengine wote. Gurudumu la gari la farasi lilikuwa la mti, na kulizunguka kulikuwa na pete ya chuma. Fundi alitengeneza pete ile ndogo kidogo kuliko gurudumu. Aliitia katika moto mpaka ikapanuka, akaivalisha gurudumu ingali nyekundu, kisha akamwaga maji mara moja. Chuma kilijikunja, kikaufunga mti kwa nguvu kuliko misumari yote. Ukikosea kipimo kidogo tu, mti unapasuka ao pete inaanguka njiani. Fundi wa namna hiyo anajua tabia ya mti, anajua tabia ya chuma, na anajua namna viwili vile vinavyogombana. Muweke neno hilo katika akili, nitalirudilia.

Sasa turudi kidogo kwetu. Chukudu yetu haina jina la mtu mmoja. Ilianza kuonekana katika Kivu miaka ya 1970, wakati wa Zaire, maisha yalipokuwa magumu na magari yalipokuwa ya wachache. Mikono mingi iliitengeneza, kila fundi akaongeza kitu chake. Magurudumu ya mti mugumu kama mumba, mwili wa mikalitusi, mpira wa tairi lililochakaa umepigiliwa misumari kuzunguka gurudumu, vyuma vyenye goroli katikati ili lizunguke, na wakati mwingine springi ya mbele. Kipande cha mpira ndiyo freni. Pale anapoweka goti, kijana anapigilia kandambili ya zamani ili asiumie. Nzima inatengenezwa kwa siku mbili tatu. Inabeba kilo mia nne, mia tano, na zile kubwa zinapita hapo.

Na munajua kwa nini ilifaulu hapa kuliko pengine? Tazameni barabara. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Sisi Kibati tuko zaidi ya mita 1,800. Viazi, kabeji, makala na mbao za Kibumba na Rutshuru vinateremka kupita mbele ya milango yetu, na mteremko wenyewe ndiyo mafuta. Hakuna pampu ya esanse inayouza mteremko. Kurudi juu ni jasho, ni kweli, lakini kurudi ni mtupu, ao ni kushika nyuma ya loripoti inayopanda polepole (bamama, najua munakataza batoto, na muko na haki).

Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, Nyiragongo ilipoukata mji wa Goma kwa moto, na tena tarehe 22 Mei 2021 ilipoifunga barabara yetu ya Rutshuru kwa mawe ya moto, nani alibeba magodoro? Mwaka 2008, watu wa kambi za Kibati walipohamishwa kwenda Mugunga, nani alibeba masufuria? Wengi wetu hapa tumewahi kubebewa maisha yetu yote juu ya mbao mbili na magurudumu mawili. Ndiyo maana mwaka 2009 Goma ilisimamisha sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu pale Rond-point Chukudu. Miji mingine inasimamisha majenerali juu ya farasi. Sisi tulisimamisha kijana anayesukuma mzigo, na mimi naona tulichagua vizuri.

Kwa hiyo bazee, munaposema musicheke chukudu, niko pamoja nanyi. Lakini sikilizeni sasa sehemu ya pili ya habari ya Patterson.

Mzee Charles alikufa mwaka 1910. Atelye ilibaki kwa mtoto wake, Frederick Douglas Patterson. Huyu alikuwa mtu wa masomo. Alisoma chuo cha Ohio State, na mwaka 1891 alikuwa mweusi wa kwanza kucheza katika timu yao ya futuboli ya Kimarekani. Akafundisha shule kule Louisville, Kentucky, halafu akarudi nyumbani kumsaidia baba. Mwalimu aliyeacha chaki akashika nyundo: hiyo peke yake ilinifanya nimpende.

Alipopokea kazi, dunia ilikuwa inageuka chini ya miguu yake. Mwaka 1900 Marekani nzima ilikuwa na motokari kama 8,000 tu. Mwaka 1910 zilikuwa zaidi ya 450,000. Mwaka 1915 zilipita milioni mbili. Katika miaka kumi na tano! Farasi alikuwa anaondoka barabarani, na pamoja naye gari la daktari.

Frederick hakuvunja atelye ya baba yake kesho yake. Hakuuza mbao ili anunue mashine. Alifungua mlango mwingine katika nyumba ileile: atelye ilianza kupokea motokari za watu kwa kutengenezwa. Rangi imechubuka? Leta. Viti vimepasuka? Leta. Mwili wa gari umepondeka? Leta, kwa sababu miili ya motokari za wakati ule ilikuwa na mti mwingi ndani, na watu wa Greenfield walijua mti. Walijifunza gari kwa kulifungua likiwa limeharibika, na mwenye gari ndiye aliyelipa ada ya masomo.

Kisha wakajaribu jambo kubwa. Tarehe 23 Septemba 1915 motokari ya kwanza iliyoitwa Patterson-Greenfield ilitoka katika atelye. Ilikuwa na injini ya silinda nne, nguvu ya farasi 30, iliyonunuliwa kwa Continental. Taa zilikuwa za umeme, na kuiwasha pia kulikuwa kwa umeme, wakati Ford ya siku zile bado uliizungusha na chuma kwa mbele mpaka mkono uumie. Watu walioona magari yale walisema ni kazi safi. Bei ilikuwa dola 850.

Na hapo ndipo shida. Henry Ford alipoanza kuuza Model T mwaka 1908, nayo iliuzwa dola 850. Lakini mwaka 1913, kule Highland Park, Michigan, Ford aliweka mstari unaotembea: gari linasogea mbele ya mfanyakazi, mfanyakazi anakaza bolti yake ileile kutwa nzima. Fremu iliyounganishwa kwa zaidi ya saa kumi na mbili ikaanza kuunganishwa kwa dakika 93. Mwaka 1915 bei ya Model T ilikuwa imeshuka mpaka dola 440. Mwaka uliofuata ilishuka tena mpaka 360. Sasa wewe ni mkulima wa Ohio, una dola mia nne mfukoni. Utanunua gari zuri la Patterson kwa 850?

Patterson alikuwa na mafundi wazuri, lakini hakuwa na mstari unaotembea, na hakuwa na benki nyuma yake. Mtu mweusi kuomba mkopo mkubwa Marekani mwaka 1915, munaweza kukisia jibu la benki. Magari waliyotoa yalikuwa machache, makumi ao mia na kitu, na leo hakuna hata moja linalojulikana kuwa limebaki. Wakaacha.

Wengi wanaosimulia habari hii wanaikata hapo, wanalia kidogo, wanaenda. Mimi naona hapo ndipo inaanza kutufaa sisi.

Frederick aliketi akatazama nini Ford anauza, na nini Ford hauzi. Ford aliuza injini, fremu na magurudumu kwa bei ambayo hakuna atelye ingeweza kufikia. Sawa, basi munene abaki na hiyo. Lakini shule ilitaka basi la watoto, na mji ulitaka basi la abiria. Duka lilihitaji kamio la mizigo lenye sanduku la kipimo chake. Vitu hivyo havikutoka katika mstari ule. Basi Patterson walinunua fremu zenye injini kutoka kwa Ford na viwanda vingine vikubwa, wakajenga juu yake mwili: mti ndani, bati nje, viti, madirisha, rangi. Biashara ikageuka kuwa kampuni ya miili ya mabasi. Wale waliokuwa wanafunga pete ya chuma juu ya mti sasa walikuwa wanafunga bati juu ya mti. Adui yao wa jana akawa mtu anayewaletea malighafi. Kazi hiyo iliwalisha miaka mingi kuliko motokari yao wenyewe, miaka yote ya 1920 na zaidi. Frederick alikufa mwaka 1932, katikati ya ule mporomoko mkubwa wa uchumi, na familia ilifunga mlango wa mwisho mwaka 1939. Tangu nyundo ya 1873, hiyo ni miaka 66. Ni atelye ngapi za magari ya farasi zilifika 1939? Mwaka 2021 majina ya baba na mtoto yaliingizwa katika nyumba ya heshima ya watu wa motokari kule Michigan, ambako liko la Ford pia.

Nitaweka jambo moja kando, lisisahaulike. Watu wanapotuambia habari za motokari za mwanzo, wanazungumza kana kwamba sisi tulikuwa tumelala. Matairi ya mpira ya baiskeli na motokari za miaka ile yalikula mpira wa porini wa Congo, uliokatwa kwa fimbo na kwa damu wakati wa Leopold. Leo betri za magari ya umeme zinakula kobalti ya Katanga. Na sisi, mpira unaturudilia ukiwa umechakaa, tunaupigilia katika gurudumu la chukudu. Sisemi hivyo ili tukasirike, leo ni siku ya kura. Nasema ili kijana asifikiri motokari ni kitu cha watu wengine kabisa.

Majirani zetu pia wamejaribu. Kenya, mwaka 1986, rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde motokari ya nyumbani, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer zilionyeshwa pale Kasarani mbele ya watu. Magari matano yaliundwa. Pesa ya kuyatoa kwa wingi haikupatikana, lakini karakana zilizobaki ziligeuzwa kuwa za kutengeneza vipuri vya chuma kwa viwanda vingine. Munaona njia ni ileile ya Frederick? Uganda, walimu na wanafunzi wa Makerere waliendesha gari lao dogo la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na mwaka 2016 wakaonyesha basi la Kayoola lenye vioo vya jua juu ya paa. Nao leo nguvu yao wameiweka katika mabasi, si katika motokari ndogo.

Sasa nirudi kwa barua ya vijana wetu, na niseme wazi kile ninachofikiri, kwa sababu muliniita niseme.

Pikipiki za matairi matatu zimekwisha kufika. Hatutazifukuza kwa kukataa mashine ya kuchomelea. Kila asubuhi zinapita hapa na mzigo ambao jana ulikuwa wa chukudu mbili. Lakini zitazameni vizuri zikipita. Zinafika mpya, zina sanduku la bati jembamba, na mawe yetu ya volkeno hayana huruma na bati jembamba. Baada ya miezi michache sanduku limepasuka kwenye kona, ubao wa chini umetoboka, mlango wa nyuma umefungwa na kamba. Mwenye pikipiki anateremka mpaka Goma kutafuta wa kumushonea vile vyuma, na siku ile hafanyi kazi. Injini inatoka mbali kabisa, hatutaishindania. Sanduku je? Sanduku la mbao ya mikalitusi lenye kona za chuma, lililopimwa kwa magunia ya makala ao kwa bidoni za maji, nani analijua kuliko mzee anayejenga kitu cha kubeba kilo mia tano bila injini?

Kwa hiyo naomba barua ile ibadilishwe kidogo kabla ya kura. Vijana wameandika kana kwamba ni wao peke yao. Mashine ya kuchomelea bila mzee anayejua mti itatoa sanduku jingine la kupasuka. Na mti bila mashine utabaki chukudu tu, ambayo wateja wake wanapungua, hata tukiipenda namna gani. Mashine iwekwe katika atelye ileile ya chukudu, isijengewe kibanda kingine. Kila kazi ya sanduku ifanywe na watu wawili, mzee wa mti na kijana wa chuma, na bei igawanywe mbele ya daftari. Pesa ya mti isiondolewe yote: chukudu bado ndiyo inayoingia katika mashamba ambako pikipiki haifiki, na bado ndiyo ambayo mama asiye na dola mia tano anaweza kuikodi.

Na kwanza waanze kwa kutengeneza. Wasianze kwa kuunda. Miezi sita ya kwanza wapokee tu kile kilichovunjika. Tutajua kwa daftari, si kwa maneno, kama mashine inajilipa.

Kwa wafadhili wetu nina ombi fupi. Mara nyingi munatuuliza munaweza kutuletea nini kilichokwisha tengenezwa. Kwa atelye hii, tuleteeni vyombo vya fundi: msumeno mzuri, drili, kipimo cha chuma, miwani ya kuchomelea. Miwani hasa, kwa sababu macho ya kijana hayana akiba. Na kama kuna fundi wa karoseri anayeweza kuja kukaa nasi wiki mbili, hapo mutakuwa mumetupa zaidi ya sanduku la vitu.

Bazee, nimewaona wawili kule mbele wanatikisa kichwa tangu niliposema daftari. Haya, simameni museme. Katibu, andika maneno yao kabla ya kugawa karatasi za kura, na asiyejua kusoma apewe mtu anayemuamini yeye mwenyewe, asipangiwe na komite.